Maonyesho ya Chini ya Goti

Msomaji, usihangaike kuitafuta nchi yetu kwenye ramani. Jina lake lilipelekwa kamatini kufanyiwa marekebisho madogo mwaka ule wa mvua nyingi, na kamati bado inakaa. Sisi hatuna haraka. Tunaishi bila jina, na barua za wito zinatufikia kama kawaida.

Mimi ni mtumishi wa umma katika jiji la Ukumbo, jiji la wastani lenye stendi moja, hospitali moja, na taa za barabarani ambazo huwashwa wageni wakija. Cheo changu ni Afisa Maandishi ya Chini ya Picha, Daraja la Pili. Kwetu picha haiachwi peke yake. Ikitundikwa mahali popote ambapo serikali inaweza kupita, lazima iwe na maandishi chini yake ya kumsaidia mwananchi asijichoshe kuielewa mwenyewe. Mwananchi akiona picha ya barabara yenye mashimo, anasoma chini yake, "Barabara ikipumua," anaridhika na kuendelea na shughuli zake. Afisa wa Daraja la Kwanza hayupo. Nafasi yake imeachwa wazi ili sisi wa Daraja la Pili tuwe na kitu cha kutamani.

Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Siku hizi naifanya vizuri kuliko zamani kwa sababu sihisi kitu. Naamka, nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe kimoja, naenda ofisini. Wenzangu wananisifu kwa utulivu. Mkurugenzi wetu wa Utamaduni na Mitazamo, Bwana Ngwegwe, aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba mtumishi bora ni yule ambaye ukimtazama usoni huoni chochote, na akanitolea mfano mimi. Nilishukuru.

Mwaka huu Ukumbo tulipewa heshima ya kuandaa Maonyesho Makuu ya Picha. Nitaeleza yalivyokwenda bila kutia chumvi. Mwenye kutaka chumvi atakuwa ameshaionja kwao.

*

Ukumbi uliochaguliwa ulikuwa ghala la zamani la ushirika wa pamba. Juu kuna popo wengi, kwa hiyo jiji liliweka dari ya mbao laini ili popo wasionekane, na dari ikawekwa chini sana ili wasisikike pia. Kutoka darini hadi sakafuni ni mita mbili na sentimita sabini. Naomba msomaji aikumbuke hesabu hiyo, maana sisi tuliisahau.

Maonyesho yoyote kwetu huanza kwa kutundikwa Picha ya Kiongozi. Sheria inasema Picha itangulie, na inasema hakuna kitu kitakachotundikwa juu zaidi yake. Kazi ya kuitundika haifanywi na mtu wa mkoani. Alitumwa Bwana Kitindi, Afisa Itifaki kutoka makao makuu, mwembamba, mwenye futi ya kupimia iliyohifadhiwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa chekundu.

Waraka unaelekeza kwamba Picha iwekwe mita mbili kutoka darini. Hupimwa kutoka juu kwa sababu Kiongozi hapimwi kutoka chini. Waraka huo uliandikwa makao makuu, ambako kumbi zina dari ndefu kama ghorofa mbili, na huko mita mbili kutoka darini ni mahali pazuri sana. Bwana Kitindi alipanda ngazi, akagusa dari, akateremsha futi yake taratibu huku sote tumekaa kimya kwa heshima. Akateremka ngazi. Akaendelea kuteremka. Mwisho alipiga goti, akaweka alama, akagongelea msumari sentimita sabini kutoka sakafuni, akatundika.

Kiongozi akawa anatutazama magoti.

Bwana Ngwegwe alikohoa. "Bwana Kitindi, huoni kama ipo chini kidogo?"

"Chini kwa kipimo gani?"

"Kwa... kwa macho tu."

"Macho si kipimo cha serikali."

"Ni kweli kabisa. Nilikuwa nafikiri labda tungeipandisha kidogo."

Bwana Kitindi alifunga kisanduku chake. "Utaipandishaje bila kwanza kuitoa msumarini, Mkurugenzi? Na kuitoa Picha msumarini sheria inakuitaje?"

Sote tulijua sheria inakuitaje. Ni kosa ambalo hata mawakili hulitaja kwa kuandika kwenye karatasi na kuichoma. Bwana Ngwegwe alisema alikuwa anauliza tu. Halafu akakumbuka kwamba kichwa chake kiko juu ya Picha, akaketi, akaona bado kiko juu, akaanza kuinama.

"Simama tu, mzee," Bwana Kitindi akamwambia kwa upole. "Sheria inahusu vitu vinavyotundikwa. Watu bado hawamo."

Tulimshukuru kwa ufafanuzi. Saa ya ukutani tuliitoa tukailaza sakafuni. Taa za darini zilijadiliwa asubuhi nzima, ikaamuliwa kwamba hizo ni za shirika la umeme na shirika litajibu lenyewe siku likiulizwa. Picha sitini na tatu za wapiga picha wa Ukumbo zikatundikwa kuuzunguka ukumbi wote chini ya sentimita sabini, nyingine zikigusa sakafu kabisa. Mwanamama wa usafi aliuliza apige deki vipi, akaambiwa apige deki kwa uzalendo.

*

Wapiga picha wetu ni watu wa kawaida. Yupo Mzee Hamduni wa studio ya sokoni, mwenye pazia lililochorwa ndege. Kwa miaka arobaini watu wa Ukumbo wamepiga picha wakipanda ndege ile na hakuna aliyekwenda popote. Wapo vijana wa harusi wenye kamera za kurusha angani. Picha zao zilikataliwa zote, kwa swali moja ambalo hawakuweza kulijibu: nani aliwaruhusu kuitazama nchi kutoka juu?

Na yupo Bi Nyamizi Kapela. Ana kibanda cha pasipoti saizi kwenye lango la hospitali, kitambaa cha bluu nyuma, stuli mbele, na koti moja la suti kwa wanaume wasio nalo. Nusu ya wanaume wa jiji hili, ukiangalia vitambulisho vyao, wamevaa koti hilohilo. Bi Nyamizi alileta picha moja tu, na hakuileta kwenye dirisha la mapokezi. Aliileta mezani kwangu ndani ya bahasha.

"Shemeji," alisema, "nimeona bora uione kwangu kuliko uikute ukutani."

Picha ilikuwa ya siku ya makabidhiano ya mabenchi. Wafadhili walitoa mabenchi kumi kwa hospitali, na Bi Nyamizi aliitwa ayapige picha mapema kwenye ukumbi wa wagonjwa kusubiria, kabla mgeni rasmi hajafika. Kwenye benchi la kwanza, ambalo mkono wake ulikuwa umefungwa utepe, ameketi mwanamke mwenye kitenge cha kijani. Mkoba uko mapajani, mikono yote miwili iko juu ya mkoba. Anatazama upande wa mlango.

Mwanamke huyo ni mke wangu, Asteria. Alifia kwenye benchi hilo mchana wa siku hiyo. Madaktari na wauguzi wote walikuwa wamepangwa mstari uwanjani kumpokea mgeni, na mgeni alichelewa kwa saa sita. Mimi nilikuwa kazini. Ni miezi minane sasa.

Sikuitazama picha. Nilitazama bahasha, nikasoma anuani iliyochapwa pembeni.

"Ukisema niirudishe nyumbani, nairudisha," Bi Nyamizi alisema.

"Hapana. Iache."

"Basi nakuomba kitu kimoja. Wewe ndiye unayeandika chini. Andika jina lake, na saa aliyokaa pale. Asteria alikuwa kama dada yangu. Hii ndiyo picha yake ya mwisho, halafu aning'inie pale kama samani? Sikuombi uandike nani alikuwa wapi. Jina tu."

"Nitajitahidi."

Ofisini kwetu neno hilo maana yake ni hapana, na Bi Nyamizi ameishi kwenye lango la serikali muda mrefu wa kutosha kulijua. Alinitazama kidogo, akachukua bahasha yake akaacha picha, akaondoka.

*

Kamati ya Maandishi ilikaa Jumanne. Mwenyekiti alikuwa Bwana Ngwegwe. Alikuwepo bwana mmoja wa Idara ya Samani, Bwana Kitindi kama mgeni mwalikwa, na mimi katibu. Hakuna aliyejua kwamba mwanamke wa kwenye picha ni mke wangu. Kwenye msiba ofisi ilimtuma dereva, alete shada na kurudi na gari.

"Picha ya arobaini na moja," nikasoma. "Mwanamke kwenye benchi."

"Anafanya nini?" akauliza Bwana Ngwegwe.

Nikaliandika swali. Katibu hachangii mpaka aombwe.

"Anatumia benchi," alisema yule wa Samani kwa furaha. "Hii ni nzuri. Ni mara chache sana mtu kupigwa picha akitumia kitu chetu kwa kazi yake."

"Tuandike anafurahia," akasema Mwenyekiti. "Mwananchi akifurahia benchi jipya."

Bwana Kitindi aliisogeza picha karibu na pua. "Hacheki."

Tatizo likawa zito. Iliagizwa chai. Mtu mmoja akapendekeza Bi Nyamizi atafutwe apige tena, huyo mama akiwa anacheka, na nikaulizwa kama hilo linawezekana. Nilijibu kwamba haliwezekani kwa sasa. Ikaandikwa hivyo. Mwishowe Bwana Ngwegwe, ambaye hakupewa ukurugenzi bure, akapata jibu.

"Anafurahia kwa ndani."

Wajumbe walipiga makofi. Nilirudi mezani nikachapa kwa herufi kubwa: "Mwananchi akifurahia benchi jipya kwa ndani." Nikakata karatasi kwa mkasi, nikaibandika kwenye kadi, nikashuka ukumbini, nikapiga magoti mbele ya picha ya arobaini na moja huku nimegeuza uso, nikaigundisha chini ya fremu. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Jambo hilo lilinitisha kwa muda wa kama dakika moja, halafu nalo likapita.

*

Siku ya ufunguzi alikuja Waziri wa Mitazamo mwenyewe. Ni mtu mkubwa kwa kila namna. Alipoingia ukumbini aliona kuta tupu kuanzia usawa wa mkanda wake kwenda juu, akapongeza usafi. Alipooneshwa picha zilipo, alijaribu kuinama. Walinzi wawili wakamsaidia kurudi alipokuwa.

Hapo ndipo Bwana Ngwegwe alipoonesha maandalizi yake. Hospitali yetu ina machela mbili za magurudumu. Moja ilikuwa imeazimwa tangu jana yake, ikatandikwa shuka jeupe na mto, ikashushwa mpaka mwisho. Waziri alilazwa kwa ubavu, shavu juu ya mto, akafunikwa bendera miguuni kwa sababu ya baridi. Wauguzi wawili wakaanza kumsukuma taratibu kando ya ukuta. Nyuma yake msafara ulitambaa kwa itifaki: Mkurugenzi, wakuu wa idara, viongozi wa dini, wafadhili, halafu waandishi wa habari. Suti zilikuwa nzuri sana siku hiyo. Mimi nilitambaa karibu na kichwa cha machela, kwa kuwa Waziri alikuwa ameacha miwani na nilitakiwa kumsomea.

"Bwawa likijipanga," nikasoma.

"Vizuri," alisema Waziri.

"Walimu wakifurahia uwazi wa paa."

"Vizuri sana. Hewa ni muhimu."

Tukafika ya arobaini na moja. Machela ilisimama. Uso wa Waziri ulikuwa usawa mmoja na uso wa Asteria, kama watu wawili waliolazwa wodi moja.

"Huyu mama namwona vizuri," alisema. "Nisomee."

Nilikuwa nimepiga magoti na hapakuwa na pa kugeuzia uso. Upande huu Waziri, upande huu Mkurugenzi, mbele mke wangu. Nikamwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza. Niliona alikuwa amefunga kifungo cha juu cha blauzi vibaya, kwa haraka ya asubuhi ile.

"Asteria Mwinuka," nikasema. "Ni mke wangu. Alikaa kwenye benchi hili siku ya makabidhiano, tangu saa mbili asubuhi. Alifariki saa nane mchana, akiwa amekaa."

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka masikio yakaziba. Msafara mzima ulisimama kwa magoti na viganja. Muuguzi mmoja aliachia machela, akaishika tena.

Waziri alihesabu kwa vidole. "Saa mbili mpaka saa nane," alisema. "Saa sita nzima. Na benchi halikulegea?"

"Halikulegea, mheshimiwa."

"Hongera sana." Akanyoosha kidole kumwelekea katibu wake. "Andika hiyo. Hiyo ndiyo picha." Wakamsukuma kwenda ya arobaini na mbili.

Baadaye Bwana Ngwegwe alinivuta pembeni akanikumbatia. "Umetuokoa, Gervas. Lile wazo la kumwingiza mtu wa familia! Lilimgusa kabisa."

Bi Nyamizi hakunikumbatia. Alikuwa amesimama karibu na mlango, viatu mkononi, kwa kuwa alitambaa mwisho kabisa wa msafara.

"Kusema umesema, shemeji," aliniambia. "Nimesikia. Lakini ukutani pameandikwa vilevile."

Nilimwambia maonyesho yanaendelea mpaka Ijumaa.

*

Picha ya arobaini na moja ilishinda nafasi ya kwanza, tuzo ya Matumizi Bora ya Samani za Umma. Kwa utaratibu wetu tuzo hupokelewa na watu wawili, mpiga picha na mpigwa picha, ili isije ikasemwa kwamba mtu alipigwa bila kujua. Ijumaa Bwana Kitindi alisimama jukwaani na orodha.

"Nyamizi Kapela."

Bi Nyamizi alipanda.

"Asteria Mwinuka."

Hakuna aliyepanda.

"Asteria Mwinuka," akarudia Bwana Kitindi. Akatazama saa iliyolala sakafuni. "Asteria Mwinuka, mara ya tatu na ya mwisho."

"Amekufa, baba," Bi Nyamizi alisema. "Imesemwa hapahapa, Waziri akisikia."

Bwana Kitindi aliipitia orodha juu mpaka chini. Si mtu mbaya. Nadhani alitafuta kweli. "Hapa nina safu mbili tu," alisema. "Amefika na hajafika." Akaweka alama kwenye ya pili. Tuzo ilikuwa Picha ya Kiongozi yenye fremu ya dhahabu. Bi Nyamizi aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama kibandani kwake itabidi ipimwe kutoka darini, akaambiwa ndiyo. Kibanda chake kina kimo cha mita mbili kasoro. Itabidi achimbe.

Jumatatu nilikuta barua mezani kwangu. Iliandikwa kwa Asteria, kwa kupitia mume wake. Ilimtaka aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini asichukuliwe hatua kwa kutofika kupokea heshima ya taifa. Maelezo yake, ilisema barua, yatahifadhiwa kwenye kumbukumbu za kudumu za nchi pamoja na picha husika.

Bwana Ngwegwe alipita akaisoma juu ya bega langu. "Andika alipata dharura," alisema. "Mistari miwili. Nitaipitisha mwenyewe."

Nilivuta karatasi. Ilikuwa saa nne asubuhi, ofisi imejaa watu, mtu anacheka kwenye simu. Nimeandika chini ya picha maelfu kwa maelfu na sikumbuki hata moja niliyoiandika bila kuambiwa niandike nini. Hii niliiandika bila kufuta. Naiweka hapa kama ilivyokwenda.

"Afisa Itifaki, Makao Makuu.

Yah: Asteria Mwinuka kutofika kupokea tuzo.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya mke wangu. Hakufika kwa sababu amefariki. Siku ya makabidhiano ya mabenchi aliamka akiumwa kifua. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe. Nilimkalisha kwenye benchi la kwanza kwa kuwa lilikuwa karibu na mlango, nikaenda uwanjani, kwani jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mapokezi. Kutoka benchi hilo hadi mahali niliposimama ni hatua arobaini. Baadaye nilirudi nikazihesabu. Mlango ulikuwa wazi, na kila nilipogeuza shingo nilimwona. Mara mbili aliniinulia mkono. Mara ya kwanza nilimpungia. Mara ya pili Mkurugenzi alikuwa anapita kukagua mstari, nikatazama mbele. Mgeni alipofika tulipiga makofi, na makofi yalipokwisha nilikwenda kumchukua.

Madaktari walikuwa wameagizwa wasitoke mstarini. Mimi sikuagizwa. Katika saa hizo sita hakuna mtu yeyote aliyenizuia kuondoka.

Gervas Kihwele, mume."